Jinsi ya kulinda Fomu 34A: mwongozo kamili kwa wakala na mpiga kura wa Kenya

Kila baada ya uchaguzi malalamiko ni yale yale, na udhaifu wake ni ule ule. Wakala alikuwa kituoni tangu alfajiri na aliona kila kitu, lakini alichorudi nacho ni picha yenye ukungu iliyokatwa pembe, au nambari alizoandika kiganjani, au maneno "niliambiwa nakala zimeisha". Wakili hana la kufanya na vitu hivyo.

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kuhakikisha kwamba hesabu ya kura za urais iliyofanywa mbele yako darasani na kuandikwa kwenye Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo kimoja, ndiyo inayofika Nairobi, na isipokuwa ndiyo, uwe na ushahidi unaosimama mahakamani. Uchaguzi mkuu ujao kikatiba ni tarehe 10 Agosti 2027. Muda wa kujiandaa upo.

Juni 2017, katika kesi ya IEBC (tume ya uchaguzi ya Kenya) dhidi ya Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho. Si msimamizi wa eneo bunge wala mwenyekiti wa tume mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Fomu 34B ya eneo bunge na 34C ya taifa ni majumlisho tu ya 34A. Kwa hiyo lango la kulinda ni mlango wa darasa lako. Ukumbi wa kitaifa wa kujumlishia unapendwa na kamera, lakini ukifika huko huna kitu mkononi umechelewa.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa wakala:

- Kitambulisho cha taifa, barua ya uteuzi kutoka kwa chama au mgombea, kiapo cha usiri kilichotiwa saini, na beji. Kimoja kikikosekana unaweza kuzuiwa mlangoni, na hapo hakuna wa kubishana naye.
- Daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi zinazochomoka. Ukurasa ukichanwa lazima uonekane.
- Kalamu 3 za wino wa buluu au mweusi. Usitumie penseli.
- Simu yenye nafasi ya kutosha ya picha, pawabenki iliyojaa, na waya wake.
- Tochi ndogo. Vituo vingi ni madarasa yenye taa moja, na mengine hayana.
- Bahasha ngumu ya plastiki ya ukubwa wa A4. Fomu ikikunjwa mara nne mfukoni, mkunjo hupita katikati ya nambari.
- Namba 3 za simu zilizoandikwa kwenye karatasi: mratibu wako, wakili, na mtu wa nyumbani. Simu ikizima, kichwa hakikumbuki.
- Maji, chakula na sweta. Utakaa hapo zaidi ya saa 18.

Usivae rangi wala nembo ya chama. Utatolewa nje, na kiti chako kitabaki kitupu siku nzima.

Kwa mpiga kura asiye wakala: simu, tochi na subira ya kurudi kituoni usiku au alfajiri. Kazi yako iko hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Fika kabla ya saa 12 asubuhi

Kituo hufunguliwa saa 12, lakini jambo la kwanza la kushuhudia hutokea kabla ya hapo: msimamizi wa kituo anaonyesha masanduku yakiwa matupu, kisha anayafunga kwa sili. Andika nambari za sili za sanduku la urais. Wakala anaruhusiwa kuongeza sili yake mwenyewe, hivyo kama chama chako kimekupa, itumie na uandike nambari yake.

Andika pia idadi ya wapiga kura waliosajiliwa kituoni hapo, na idadi ya karatasi za kura za urais alizopokea msimamizi, pamoja na nambari ya kwanza na ya mwisho ya vitabu vyake. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Shule kubwa hugawanywa kuwa vituo kadhaa, kila darasa na msimamizi wake. Hakikisha uko darasa lililo kwenye barua yako. Mawakala kukaa darasa lisilo lao ni kosa la kila mwaka, na fomu waliyosaini inakosa nguvu.

Umefaulu ikiwa saa 12 na nusu ukurasa wa kwanza wa daftari una jina na msimbo wa kituo, idadi ya waliosajiliwa, idadi ya karatasi, na nambari za sili.

## Hatua ya 2: Fuatilia idadi ya watu, si sura zao

Wakati wa kura kazi yako si kukisia nani kampigia nani. Fuatilia nambari mbili: waliotambuliwa na KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume kinachotambua wapiga kura na kutuma matokeo, na wale ambao kifaa kilishindwa kusoma vidole vyao wakaandikwa kwenye Fomu 32A. Omba usomewe idadi ya KIEMS kila baada ya saa 2 na uandike pamoja na saa.

Faida yake ni hii. Idadi ikiruka ghafla kutoka 210 hadi 330 katika saa ambayo foleni ilikuwa fupi, utajua ni lini hasa, na utauliza wakati jibu bado linaweza kupatikana. Mwenye jumla ya mwisho pekee hana pa kuanzia.

Onyo: usipige picha karibu na kibanda cha kura, wala karatasi ya kura ya mtu yeyote, hata mwenyewe akikuruhusu. Siri ya kura inalindwa na sheria, na simu yako ikichukuliwa asubuhi jioni huna chombo.

## Hatua ya 3: Kituo kinapofungwa

Saa 11 jioni mlango unafungwa, lakini waliokuwa kwenye foleni wanapiga kura. Andika wako wangapi.

Kisha msimamizi anatakiwa kuandika taarifa ya karatasi: alizopokea, zilizotolewa kwa wapiga kura (bila zilizoharibika), zilizoharibika, na zilizobaki. Nakili nambari zote 4. Tatu za mwisho zikijumlishwa lazima zilingane na ya kwanza. Hatua hii inarukwa mno kwa sababu kila mtu amechoka na anataka hesabu ianze, na hapa ndipo karatasi zisizo na mwenyewe huanzia safari yao.

Tofautisha maneno mawili. Karatasi iliyoharibika ni ile mpiga kura aliyokosea akairudisha na kupewa nyingine, wala haikuingia sandukuni. Kura iliyokataliwa ilitoka sandukuni ikaonekana batili wakati wa kuhesabu. Wasimamizi wenyewe huzichanganya kwenye fomu.

## Hatua ya 4: Hesabu ya kura

Hapa kaa macho kuliko wakati wowote.

Sanduku la urais huhesabiwa kwanza. Msimamizi anainua karatasi moja moja, anaionyesha, anataja jina. Kaa mahali unapoiona alama yenyewe, si mgongo wa karatasi. Ukiwekwa mbali, omba kusogea, kwa adabu na kwa sauti ambayo mawakala wengine wanaisikia. Wakala wa mpinzani wako ana haja ile ile, na ombi la wawili halikataliwi kirahisi.

Weka daftarini safu moja kwa kila mgombea, nyingine ya zilizokataliwa na nyingine ya zinazobishaniwa. Chora vijiti vitano vitano. Usimwachie karani wa tume hesabu kisha unakili jumla yake. Hesabu yako ina maana tu ikiwa umeifanya mwenyewe.

Kura inakataliwa kwa sababu maalum: haina alama za usalama za tume, imewekewa alama kwa zaidi ya mgombea mmoja, haina alama yoyote, ina maandishi yanayomtambulisha mpiga kura, au nambari yake si ya kituo hicho. Alama iliyotoka nje ya kisanduku, au tiki badala ya msalaba, haitoshi kuiangusha kura ikiwa nia ya mpiga kura iko wazi. Kura ya namna hiyo ikitupwa, sema papo hapo kwamba unapinga. Pingamizi lako linaandikwa kwenye fomu chini ya kura zilizopingwa kukataliwa. Baada ya karatasi kurudi kwenye furushi, hakuna atakayelifungua usiku ule kwa ajili yako.

Mwishoni fanya hesabu hii. Nambari ni za mfano:

- Waliosajiliwa: 612
- Waliotambuliwa na KIEMS pamoja na Fomu 32A: 418
- Mgombea A 231, B 176, C 4, D 0. Jumla ya kura halali: 411
- Zilizokataliwa: 7
- 411 + 7 = 418

Jumla ya mwisho ikizidi waliotambuliwa, kura zimeongezeka. Ikipungua kwa moja au mbili, mara nyingi kuna mtu aliyetumbukiza karatasi ya urais kwenye sanduku jingine. Itaonekana masanduku mengine yakifunguliwa, nawe andika. Ikipungua kwa makumi, dai maelezo.

Una haki ya kuomba kura zihesabiwe tena. Kanuni zinaruhusu marudio yasiyozidi mawili, na msimamizi haruhusiwi kuendelea kabla ya kuwapa mawakala nafasi ya kuomba. Itumie pale tofauti inapoonekana kwenye daftari. Wanaoomba marudio kwa sababu tu mgombea wao anashindwa humaliza nafasi zote mbili, na kosa la kweli likijitokeza hakuna pa kukimbilia.

## Hatua ya 5: Kujazwa kwa Fomu 34A

Makosa mengi hayatokei kwenye hesabu, yanatokea kwenye kunakili. 176 inaandikwa 167. Kura za mgombea wa pili zinaingia mstari wa tatu. Moja inafanana na saba. Msimamizi amekesha na mkono umechoka, kwa hiyo usianze na dhana ya wizi. Mwombe asome kila nambari kwa sauti anapoiandika, nawe ufuate daftarini.

Kagua kabla ya kusaini:

1. Jina na msimbo wa kituo, wadi, eneo bunge na kaunti.
2. Kura za kila mgombea, na jumla yake.
3. Waliosajiliwa, zilizokataliwa, zilizopingwa, zinazobishaniwa, na halali.
4. Jina, saini na tarehe ya msimamizi na naibu wake.
5. Muhuri wa tume.
6. Sehemu ya maoni ya msimamizi. Ikiwa kulikuwa na tukio, liandikwe humo.

Nambari ikikosewa, ikatwe kwa mstari mmoja unaoacha ya zamani isomeke, na msimamizi atie saini pembeni. Wino mweupe au kuandika juu ya nambari ni mlango wa kesi.

Swali linalowasumbua wengi: nikipinga, nisisaini? Ushauri wetu ni kwamba katika hali nyingi saini, kisha andika pingamizi lako daftarini na umtake msimamizi aliweke kwenye maoni yake. Kukataa kusaini hakubatilishi matokeo, na hata wakala kutokuwepo hakuyabatilishi. Ukikataa bila kuandika sababu, umejifuta jina kwenye orodha ya mashahidi. Kataa tu ikiwa nambari zilizoandikwa si zile zilizohesabiwa, na hapo sababu ijazwe kwenye nafasi iliyotengwa kwenye fomu.

Kisha dai nakala yako. Ni haki, si hisani. Nakala zinazotoka chini ya fomu ya asili kwa kaboni huwa hafifu. Ukiona nambari haisomeki, mwombe msimamizi aithibitishe kabla hamjaachana. Usiijazie mwenyewe kwa kalamu kamwe. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliagiza fomu zikaguliwe, na zile za asili zikaonekana kufanana na zilizokuwa kwenye tovuti ya tume, ilhali nakala zilizoletwa na baadhi ya walalamishi zilitofautiana nazo. Nakala iliyoguswa humwangusha aliyeileta.

## Hatua ya 6: Picha

Kuna fomu mbili za kupiga picha: nakala ya wakala, na ile inayobandikwa mlangoni kwa umma. Hii ya pili ni ya kila mtu, na hapa ndipo mpiga kura wa kawaida anapoingia kazini. Ipige mapema, maana huchanwa au kulowa umande.

- Iweke fomu pahali bapa. Mlangoni, mtu mmoja ashike pembe za chini.
- Zima mwanga wa kamera. Mulika kwa tochi kutoka pembeni ili karatasi ising'ae.
- Pembe zote 4 ziingie. Picha iliyokatwa pembe huzaa swali la nini kimefichwa.
- Piga 3: nzima, nusu ya juu, nusu ya chini.
- Ikuze picha hapo hapo usome nambari ya mwisho ya kila mstari. Usipoisoma wewe, hakuna atakayeisoma.
- Ile ya mlangoni, piga nyingine kwa mbali ionyeshe mlango na jina la kituo.

Usizipunguze, usizipake rangi, usizipitishe kwenye programu ya kurembesha picha. Faili ya awali ibaki kwenye simu ile ile iliyopiga. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana, hivyo andika daftarini aina ya simu, saa, na nani alipiga.

## Hatua ya 7: Kutuma

Kwenye WhatsApp, tuma picha kama hati, si kama picha. Ikitumwa kama picha hubanwa, na 3 na 8 huanza kufanana. Hili pekee limeharibu rundo la fomu zilizopigwa vizuri.

Tuma pia ujumbe mfupi wa kawaida kwa mpangilio mliokubaliana, kwa mfano: msimbo wa kituo, A231, B176, C4, D0, HALALI411, KATAA7. Jumla ikiwemo ndani, mpokeaji anagundua kosa bila kupiga simu.

Jiandaeni kwa intaneti kuzimwa. Uganda ilizimwa Januari 2021, na Tanzania siku ya kura, 29 Oktoba 2025. Mpango wa akiba ni SMS kwanza, kisha kadi ya kumbukumbu au nakala ya karatasi inayosafirishwa kwa bodaboda inayofahamika hadi kwa mratibu wa wadi. Nakala halisi aliyopewa wakala kituoni isipande boda bila wakala mwenyewe.

Venezuela ni mfano wa kazi hii ikifanywa sawasawa. Baada ya kura ya 28 Julai 2024 tume ya huko ilimtangaza Nicolás Maduro mshindi bila kutoa matokeo ya kila kituo. Mashahidi wa upinzani walikuwa wamekusanya nakala zao za karatasi za matokeo, zikaskaniwa na kuwekwa wazi kwenye tovuti, zaidi ya asilimia 80 ya vituo, zikionyesha mpinzani wake akiongoza kwa mbali. Maduro hakuondoka kwa sababu hiyo, na mahakama za huko hazikuwa msaada. Lakini mjadala ulihama kutoka nani kasema nini hadi karatasi ziko wapi, na serikali haikuwa na za kwake za kuonyesha.

## Hatua ya 8: Safari ya kwenda kituo cha kujumlisha

Shuhudia KIEMS ikituma picha ya fomu ile ile mliyosaini. Kisha mawakala wanaruhusiwa kuandamana na msafara wa vifaa, kwa kawaida kwa usafiri wao wenyewe. Andika nambari ya gari, saa ya kuondoka na ya kufika. Msizuie gari wala kugusa sanduku. Hilo ni kosa la jinai, na linawapa wengine sababu ya kuleta polisi.

Kwenye kituo cha eneo bunge tafuta mstari wa kituo chako kwenye Fomu 34B kabla haijasainiwa. Soma kushoto kwenda kulia ukiwa na nakala yako mkononi.

## Hatua ya 9: Kulinganisha na tovuti

Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na picha za Fomu 34A ziliwekwa wazi. Chukueni eneo moja, hata wadi moja, na mlimalize. Jedwali liwe na nguzo 5: msimbo, nakala yetu, picha ya mlangoni, tovuti, tofauti. Watu wawili waingize nambari kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe.

Msitangaze mshindi wa nchi kutokana na fomu zilizowahi kufika. Mwaka huo huo vyombo vya habari vilivyojumlisha kutoka tovuti moja vilionyesha viongozi tofauti usiku mmoja, kwa sababu kila kimoja kilianza na fomu zake. Msimu wa kura, skrini zinazogombana huwasha moto mitaani. Chapisheni fomu na tofauti zake, si ushindi. Kwenye nakala za umma funikeni nambari za vitambulisho na simu za mawakala na mseme mmezifunika. Faili ya awali ibaki nzima.

## Tofauti ikionekana

Saa inakimbia. Tume ina siku 7 baada ya kura kutangaza matokeo ya urais. Ombi la kuyapinga huwasilishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya tangazo, na mahakama huamua ndani ya siku 14. Kwa viti vingine ni siku 28 tangu tangazo. Hati ya kiapo ya wakala basi iandikwe siku ile ile, kumbukumbu zikiwa mbichi: alikuwa kituo gani, aliona nini kwa macho yake, nakala ilimfikiaje, picha ilipigwa saa ngapi. Aliyoyasikia kwa wengine ayaache nje.

Wasomaji wa Tanzania wanaotaka kufuata mwongozo huu wajue kwamba Katiba yao, ibara ya 41(7), inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa. Uzito wa kazi kwao uko kabla ya tangazo, kituoni na kwenye kujumlisha. Uganda, karatasi ya kudai ni DR Form, fomu ya kutangaza matokeo ya kituo, na mbinu za picha na daftari ni hizi hizi.

Muda wa kesi ukipita bila ombi, usitupe daftari. Lifunge kwenye bahasha pamoja na nakala ya fomu, andika nje msimbo wa kituo na mwaka, na umkabidhi mratibu mbele ya shahidi. Kwenye uchaguzi unaofuata, idadi ya waliosajiliwa na waliojitokeza katika darasa lile ndiyo ya kwanza utakayotaka kulinganisha.